Ukerewe yako haijapotea, iko Morocco

"Shikamoo kaka. Natengeneza ramani ya mialo na ratiba za boti upande wa Mwanza, natumia Leaflet, ile maktaba ya JavaScript ya ramani za wavuti. Ziwa Victoria nimelichora kama poligoni ya bluu kutoka faili la GeoJSON (maandishi yanayobeba pointi za maumbo ya ramani), nikataka visiwa vya Ukerewe na Ukara vibaki wazi ili watu waone barabara na vijiji vya ramani ya chini. Nikasoma mahali kwamba kisiwa unakiongeza kama mstari wa pili ndani ya poligoni ile ile. Nikaenda Google Maps, nikaklik kulia kuzunguka kisiwa, nikakopi namba moja moja nikazibandika kwenye faili. Visiwa vyote viwili bado ni bluu. Nikajaribu pointi hizo hizo kwenye API ya Google Maps (mlango wa kuingiza ramani yao kwenye programu yako), hapo Ukara ikatoboka vizuri ila Ukerewe imegoma kabisa. Mwisho nimechora poligoni nyeupe juu ya ziwa, kisiwa kinaonekana lakini cheupe pee, hakina hata barabara, na ukubwa wa ziwa kwenye popapu haujabadilika. Halafu kuna kipande kidogo cha bluu nimekiona Afrika Kaskazini nilipovuta ramani nyuma, nikadhani ni bagi ya Leaflet nikaachana nacho. Nakosea wapi? Au nihamie maktaba nyingine, MapLibre, tu?"

Marahaba mdogo wangu. Hicho kipande ulichoachana nacho ndo nusu ya jibu lako, na nimefurahi umekitaja maana wengi hawavuti ramani nyuma hata siku moja, wanakaa wamezoom pale pale Nansio, mji wa Ukerewe, wanahangaika na rangi wiki nzima.

Kama nimekuelewa, unachotaka ni bluu ya ziwa iwe na matundu mawili, na kupitia matundu hayo ramani ya chini ionekane. Umefanya sahihi kuongeza kisiwa kama mstari wa pili ndani ya poligoni hiyo hiyo, dawa ndo hiyo. Kilichotokea ni kwamba una makosa mawili tofauti, moja limekupata kwenye Leaflet na lingine limekupata kwenye Google Maps, na kwa sababu yote mawili yanaonekana kwa macho kama kisiwa cha bluu umeyachukulia kama ugonjwa mmoja.

Tuanze na Morocco. Ukerewe iko kwenye longitudo 33 hivi mashariki na latitudo 2 hivi kusini. Ukiklik kulia kwenye Google Maps inakupa latitudo kwanza, yaani -2.05, 33.00. GeoJSON inataka kinyume chake, longitudo ianze, latitudo ifuate. Wewe umebandika kama ilivyo, kwa hiyo kompyuta ikasoma longitudo -2.05 na latitudo 33, na hapo duniani ni mashariki ya Morocco, karibu na mpaka wa Algeria. Tundu lako limechimbwa huko, kwenye nchi kavu, ambako hakuna ziwa la kutobolewa. Leaflet haikukosea chochote, imechora ulichoiambia.

Na hapa sisi watu wa Afrika Mashariki tuna bahati mbaya kidogo. Mtu wa Tokyo akigeuza namba zake anapata latitudo 139, ambayo haipo duniani kwa sababu latitudo inaishia 90, anashtuka mapema. Longitudo zetu zinacheza kati ya 29 na 42 hivi, na zote zinapita kama latitudo halali bila hata onyo. Data zetu zikigeuzwa zinahamia kimya kimya kule juu kwenye bahari ya Atlantiki, Morocco, Algeria, Hispania, na hakuna anayepiga kelele. Ukiona kitu chako kimepotea kwenye ramani, vuta nyuma kwanza uangalie huko.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba Leaflet yenyewe ina tabia mbili. Ukitumia L.polygon unaandika latitudo kwanza, ukitumia L.geoJSON unampa faili lenye longitudo kwanza, yeye anageuza ndani kwa ndani. Kwa hiyo mstari wa ziwa uliotoka kwenye faili ulikuwa sahihi, ila mistari ya visiwa uliyobandika kwa mkono ilikuwa kichwa chini miguu juu, ndani ya faili moja. Kosa la kawaida kabisa, nami nishalifanya zaidi ya mara moja.

Sasa swali ambalo hukuuliza ila ungepaswa kuuliza: kama tundu limeenda Morocco, kwa nini huko limekuwa BLUU? Si lilitakiwa kuwa tundu?

Hapo ndo pa kuelewa mashine inavyofikiri, na ukishapaelewa hutasumbuliwa tena na mambo haya. Kompyuta haijui tundu ni nini. Hakuna amri ya kutoboa. Inachojua ni mistari iliyofungwa, mimi nitaiita pete, na inapotaka kujua pikseli fulani ipakwe rangi au isipakwe inahesabu. Fikiria boma la mfugaji lenye uzio kuzunguka eneo lote, na katikati kuna zizi lenye uzio wake. Wewe umesimama mahali hujui ni wapi, usiku. Unaanza kutembea moja kwa moja kwenda mbali, upande wowote ule, na unahesabu nyua unazoruka. Ukiruka uzio mmoja ukawa huru, ulikuwa kwenye uwanja wa boma. Ukiruka mbili, ulikuwa ndani ya zizi. Usiporuka hata mmoja, ulikuwa nje tangu mwanzo. Kanuni ya witiri na shufwa inasema hivi: idadi ikiwa witiri, paka rangi, ikiwa shufwa, acha. Uwanja wa boma unapakwa, zizi linaachwa wazi, na nje kunaachwa. Basi, tundu limepatikana bila mtu kutoboa kitu.

Rudi Morocco na hesabu hiyo. Pete ya Ukerewe iko peke yake huko, haijazungukwa na pete ya ziwa. Ukisimama ndani yake ukatembea nje unaruka uzio mmoja tu. Moja ni witiri, paka bluu. Na pale Ukerewe halisi ukisimama Nansio ukatembea, unaruka pete ya ziwa tu, moja tena, bluu tena. Umeona? Kila kitu kimefuata sheria.

Umbo sahihi la faili ni kama hili hapa chini, nimetumia visanduku tu vya kukadiria, usivichukue kama mwambao wa kweli:

```
{
  "type": "Polygon",
  "coordinates": [
    [[32.0,-3.0],[34.0,-3.0],[34.0,-1.0],[32.0,-1.0],[32.0,-3.0]],
    [[32.8,-2.2],[32.8,-1.95],[33.2,-1.95],[33.2,-2.2],[32.8,-2.2]]
  ]
}
```

Pete ya kwanza ni ya nje, zinazofuata zote ni matundu, hata yakiwa mia. Ukara nayo inaingia kama pete ya tatu, baada ya mkato. Kila pete inarudia pointi yake ya kwanza mwishoni ili ijifunge, kwa hiyo hata pembetatu inaandikwa na pointi nne. Ukihamia L.polygon au Google Maps huna haja ya kurudia, zenyewe zinafunga.

Sasa Google Maps. Huko ulitumia pointi hizo hizo na latitudo kwanza ilikuwa sahihi, ndo maana matundu yalikaa Ukerewe na Ukara kweli. Ila Ukara ikatoboka na Ukerewe ikakataa. Nina uhakika karibu wote kwamba Ukara uliizunguka upande mmoja na Ukerewe ukaizunguka upande mwingine, mkono tu ulivyoamua siku hiyo. Nyaraka za Google zinasema wazi kwamba pete ya ndani lazima izungushwe kinyume na pete ya nje. Kama pete ya ziwa inakwenda kinyume cha saa, basi ya kisiwa iende na saa, au vice versa, mradi zipingane.

Kwa nini wajali? Kwa sababu kuna namna ya pili ya kuhesabu nyua. Badala ya kuhesabu tu umeruka ngapi, unaangalia na uzio umechorwa kuelekea wapi. Uzio unaoelekea kushoto kwako unaongeza moja, unaoelekea kulia kwako unatoa moja. Mwisho ukipata sifuri uko nje, ukipata namba nyingine yoyote uko ndani. Pete mbili zikizunguka upande mmoja, mtu aliye kwenye zizi anapata moja kujumlisha moja, mbili, si sifuri, anapakwa rangi. Zikipingana anapata moja kutoa moja, sifuri, anaachwa. Ukara yako ilipata sifuri kwa bahati, Ukerewe ikapata mbili.

Leaflet kwa kawaida inatumia hesabu ya kwanza, ya witiri na shufwa, kwa hiyo haijali umezungusha upande gani. Ndo maana mtu anaweza kutumia Leaflet miaka minne bila kujua kwamba mwelekeo ni kitu, afu siku anahamisha data mahali pengine matundu yote yanajaa.

Kujua pete inaenda upande gani usitumie macho, macho yanachoka. Tumia kikodi hiki (siyo kodi ya TRA):

```
function niYaSaa(pete) {
  let jumla = 0;
  for (let i = 0; i < pete.length - 1; i++) {
    const [x1, y1] = pete[i];
    const [x2, y2] = pete[i + 1];
    jumla += (x2 - x1) * (y2 + y1);
  }
  return jumla > 0;
}
```

Mpe pete iliyofungwa, longitudo kwanza. Ikirudisha kweli inaenda na saa, ikirudisha uongo inaenda kinyume. Ikiwa imekosea, pete.reverse() na umemaliza. Au kama tayari una Turf, maktaba ya hesabu za ramani, kwenye projekti, kuna turf.rewind inafanya poligoni nzima mara moja.

Utauliza basi upande upi ndo wa sheria. Hapa pana historia kidogo na nitaipita haraka. GeoJSON ya mwaka 2008 haikusema chochote kuhusu mwelekeo. Agosti 2016 ikatoka RFC 7946, hati ya kanuni rasmi za GeoJSON, ikasema pete ya nje iende kinyume cha saa na matundu yaende na saa, ila ikawaambia wasomaji wa faili wasikatae mafaili ya zamani yasiyofuata. Sasa shapefile, mafaili ya ramani ya kampuni ya Esri, ambazo ndo watu wengi wa ofisi za mipango wanazo, zinataka kinyume kabisa, nje na saa, ndani kinyume. Na D3, maktaba ya kuchora data, nayo inataka ya nje iende na saa kwa sababu inafikiria dunia kama mpira. Kwenye mpira pete yoyote ina pande mbili, ndani na nje, na kama mwelekeo umekosewa D3 inaona ulimaanisha upande mwingine, inapaka dunia nzima isipokuwa ziwa lako. Kama umewahi kuona ramani ya D3 imekuwa rangi moja kila mahali, hiyo ndo sababu. Ushauri wangu: faili unalohifadhi fuata RFC 7946, afu geuza pale tu unapomkabidhi anayetaka tofauti.

Kuna kosa la tatu ambalo hujalifanya bado lakini nakuonya, maana ukishaanza kuhesabu mabano ya mraba usiku utalifanya. Poligoni moja yenye matundu na poligoni nyingi zilizofungwa pamoja, ile inayoitwa MultiPolygon, zinatofautiana kwa ngazi moja tu ya mabano. Ukiongeza mabano kuzunguka kila pete ukabadilisha na jina la aina, kisiwa kinaacha kuwa tundu kinakuwa poligoni inayojitegemea, yaani umesema kuna ziwa kubwa na juu yake kuna ziwa jingine dogo lenye umbo la Ukerewe. Na hapa Leaflet itakudanganya kwa upole sana: inachora pete zote za MultiPolygon kama njia moja, inahesabu witiri na shufwa, kisiwa kinatokea wazi, wewe unafurahi unapeleka kwa mteja. Siku ukipeleka faili hilo PostGIS, hifadhidata ya ramani, ukalikagua kwa ST_IsValid inasema siyo halali, ukipima ukubwa Ukerewe inajumlishwa kwenye maji badala ya kutolewa. Kwa hiyo kuonekana vizuri kwenye Leaflet siyo ushahidi wa kutosha kwamba data ni nzima. Hili ndo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Lini basi MultiPolygon inahitajika kweli? Kisiwa kikiwa na bwawa ndani yake, na bwawa hilo nalo unalitaka bluu. GeoJSON haina tundu ndani ya tundu, bwawa linakuwa poligoni ya pili, kipande kipya cha maji kilichokaa ndani ya tundu la kwanza. Mpaka wa India na Bangladesh ulikuwa na kituko cha namna hii, Dahala Khagrabari, kipande cha India ndani ya kipande cha Bangladesh ndani ya kipande cha India ndani ya Bangladesh, hadi nchi hizo mbili zilipobadilishana vipande hivyo mwaka 2015. Waliokuwa wanachora ramani hiyo nawapa pole.

Kuhusu poligoni nyeupe. Naelewa kwa nini ulifika hapo, kila mtu hufika hapo. Nyeupe ni rangi, haiondoi kitu, inafunika ziwa na inafunika na ramani ya chini. Na ziwa chini yake bado ni zima, ndo maana ukubwa haukubadilika. Ukerewe peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 500, ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote kwenye ziwa hilo, kwa hiyo hilo siyo kosa dogo kwenye popapu yako. Kama ungekuwa unachapa bango la ukutani ningekwambia acha hivyo hivyo, hakuna atakayejua. Kwenye ramani inayobofywa hapana. Tundu la kweli linapitisha na mbofyo pia, mtu akigusa ndani ya Ukerewe Leaflet inajua hajagusa ziwa, iwe unachora kwa SVG au kwa Canvas, zile njia mbili za kuchora ndani ya brauza.

Ila ngoja nikuulize kitu ambacho labda kitakuudhi: kwani ziwa unalichora la nini? Ramani ya chini tayari ina maji ya bluu na visiwa vyote vipo, vimechorwa na watu kwa uvumilivu mkubwa. Kama unataka rangi ya bluu iliyokolea tu, badilisha mtindo wa ramani ya chini uachane na haya yote. Ziwa la kujichorea lina maana kama unataka popapu yake, au upime eneo la maji, au ujue boti yenye GPS iko majini au nchi kavu. Hilo la mwisho ni zuri kweli kwa kazi yako, turf.booleanPointInPolygon inaheshimu matundu, boti ikiwa kwenye mwalo imevutwa mchangani itakujibu haipo ziwani, mradi tundu liwe sahihi.

Kama bado unalitaka, basi usichore kwa mkono. Kuklik kulia pointi moja moja kuzunguka Ukerewe ni adhabu, na mwambao wake una vidole vingi, utapata kisiwa kama kiazi. Ziwa Victoria lipo OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na wachangiaji, kama relesheni ya aina ya multipolygon, yaani kundi la mistari iliyofungwa pamoja, mistari ya nje imepewa jukumu la "outer" na ya visiwa "inner", siyo Ukerewe na Ukara tu, hadi vijisiwa ambavyo wewe na mimi hatuvijui majina. Unaenda Overpass Turbo, tovuti ya kutafuta data hizo, unalitafuta, unalitoa kama GeoJSON, matundu yanakuja tayari yamepangwa. Faili litakuwa zito, kwa hiyo lipitishe Mapshaper, kifaa cha kurahisisha maumbo, ulipunguze pointi. Nasema Mapshaper kwa makusudi, maana inapunguza mistari inayopakana kwa pamoja na ina namna ya kurekebisha ikijikata, ukitumia kikodi cha kupunguza kila pete kivyake unaweza kukuta kisiwa kilichokuwa jirani na mwambao sasa kinakatiza mwambao, na hapo hesabu ya nyua inaharibika vipande vipande. Na usisahau kuandika chini ya ramani kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, ni sharti la leseni.

Ukitaka kuhariri mwenyewe baada ya hapo, QGIS ni programu ya ramani ya bure na ina kifaa cha kuongeza pete, unachora kisiwa ndani ya ziwa yenyewe inakuwa tundu, na ukijaribu kuchora nje ya ziwa inakukatalia. Hiyo kukatalia ndo naipendea. Ukitaka watumiaji wako wachore matundu wenyewe kwenye brauza, kiongezo cha kawaida cha kuchora, Leaflet.draw, hakina hicho kitu, ila kingine, Leaflet-Geoman, kina hali ya kukata. Au waache wachore kisiwa kama poligoni ya kawaida afu wewe nyuma ya pazia unatoa kisiwa kwenye ziwa kwa turf.difference. Angalia toleo tu, kuanzia la 7 inapokea mkusanyiko mmoja wenye poligoni zote badala ya poligoni mbili mbili, mafunzo mengi ya zamani yatakugomea hapo. Njia hii ya kutoa ina raha yake, kisiwa kikigusa mwambao inakuwa rasi yenyewe bila wewe kufikiri.

Maana hilo nalo ni la kuzingatia. Tundu linaruhusiwa kugusa pete ya nje kwenye pointi moja tu. Likishea nayo mstari halihesabiki tena kama tundu, ni ghuba au rasi, inabidi liingie kwenye mstari wa nje. Rusinga kule upande wa Kenya ni mfano mzuri, zamani iliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo, maji hayapiti, kwa hiyo mchora ramani mkali angeifanya rasi. Baadaye wakaweka daraja, maji yanapita chini, ikarudi kuwa kisiwa, yaani tundu.

MapLibre sasa. Kuhama hakutakusaidia kwa tatizo hili, utahama na namba zako zilizogeuzwa na Ukerewe itabaki Morocco. Ukimpa GeoJSON anapanga mwelekeo wa pete mwenyewe, hilo la Ukara na Ukerewe lisingekutokea. Ila yeye hahesabu nyua, anakata poligoni kuwa pembetatu ndogo ndogo ili kadi ya michoro izipake, kwa kutumia maktaba ndogo iitwayo earcut. Tundu analishughulikia kwa kulichana njia nyembamba kutoka kisiwani hadi mwambao, kama vile umekata chapati yenye tundu katikati kwa mkato mmoja hadi pembeni, hapo inakuwa mstari mmoja mrefu uliojikunja na pembetatu zinakatwa. Akili sana, ila pete zikikatizana zenyewe kwa zenyewe unapata vipande vya bluu vya ajabu ajabu vimeruka huku na kule. Kwa burudani tu, earcut imeanzishwa na Volodymyr Agafonkin, huyo huyo aliyeanzisha Leaflet mwaka 2011. Kwa mialo na ratiba za boti Leaflet inakutosha kabisa. Fikiria kuhama ukiwa na maelfu ya maumbo au ukitaka ramani izunguke na kuinama.

Jambo moja la tahadhari kabla sijakuachia. Ukiambiwa na mtu ana ramani ya zamani ya serikali ya kisiwa na unataka kuchukua mwambao kutoka hapo, uliza imepimwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za zamani za huku zimejengwa juu ya Arc 1960, na tofauti yake na WGS84 ambayo GPS na ramani za wavuti zinatumia ni kama mita 300. Ukichanganya bila kubadilisha, tundu lako litakuwa zuri, mwelekeo sawa, mabano sawa, lakini limesogea, upande mmoja wa kisiwa una ufukwe wa bluu na upande wa pili maji yana barabara.

Na mwambao wenyewe haujatulia. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mno, nyumba na mialo vikaingiwa na maji, kwa hiyo poligoni yoyote ni picha ya siku moja. Ndo maana nakuomba, kama manahodha wataanza kuitumia ramani yako kuongozea boti usiku, simama hapo kwanza. Ziwa hili limechukua watu, MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere mwaka 2018 pale pale Ukara, na ingawa ajali hizo hazikuletwa na ramani zinatosha kututia adabu. Poligoni ya wavuti haina kina cha maji wala haina miamba. Nenda ofisi ya TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, hapo Mwanza uongee nao ana kwa ana kabla hujaweka neno "njia salama" mahali popote. Vivyo hivyo mtu akitaka kutumia mistari yako kugawana kiwanja cha ufukweni au kubishana mpaka wa kijiji, mwelekeze ofisi ya ardhi ya halmashauri na mpima aliyesajiliwa, usikubali kuwa shahidi.

Kwa leo fanya hivi: fungua faili, geuza namba za visiwa viwili longitudo ianze, hifadhi, vuta ramani nyuma mpaka uione Morocco. Kile kipande kikiwa hakipo, zoom urudi Nansio uone barabara. Halafu pitisha kila pete kwenye kile kikodi, ziwa lijibu uongo, visiwa vijibu kweli, ndipo ujaribu tena Google Maps, ila huko latitudo ibaki kwanza. Ikigoma nitumie faili lenyewe, siyo skrinshoti.